Gunzi la Dirishani

Mwanangu alikuwa na siku kumi na mbili duniani tulipoanza kugombana juu ya namna ya kumpasha joto usiku. Nyumba tunayopanga hapa Tarime mjini ina sakafu ya simenti inayoshika baridi mpaka jua likwee, na wiki ile mvua ilinyesha kila jioni. Mume wangu, ambaye ni mtu wa vifaa, alileta hita ya umeme. Ikafanya kazi siku mbili, siku ya tatu umeme ukakatika, tukabaki tunaitazama. Mimi nilikuwa upande wa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye taulo. Zinapoa kabla hakujapambazuka, lakini angalau hazina maneno. Jirani yetu, mama mwenye roho nzuri sana, akatuona tunavyohangaika akaamua kutusaidia. Jioni moja nikasikia harufu ya mkaa unaoshika moto nje ya mlango wangu.

Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ni ya dakika chache tu, pale vumbi la mkaa linapoungua, kavu, inakwaruza koo, kisha inapotea na kubaki wekundu peke yake. Wengine inawakumbusha maharage ya jioni. Mimi nilikaa chini, pale pale sakafuni, mtoto mkononi, nikamwambia mume wangu aende kwa jirani, kwa adabu zote, amwambie kwamba jiko lile halitaingia chumbani mwangu nikiwa hai. Alinitazama kama mtu aliyeoa mgeni. Sikumlaumu, kwa sababu sikuwahi kumsimulia habari za Mwita, wala za bibi.

Kwetu ni Nyarero. Nilipokuwa na umri wa darasa la pili, boma letu lilikuwa na nyumba mbili zisizopatana. Moja ilikuwa ya bibi, ya mviringo, ya udongo na nyasi, na ndani yake palikuwa na mafiga matatu katikati, kitanda cha miti upande mmoja na mbuzi upande wa pili. Moto wa kuni haukuzimika humo. Asubuhi ungeona moshi unatoka kwenye paa lote kidogo kidogo, kila mahali, na wageni wa kutoka mbali waliwahi kukimbia na ndoo wakidhani nyumba inaungua. Nililala humo na bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Nilinuka moshi na mbuzi, darasani walinicheka, na sikuwahi kuhisi baridi hata siku moja.

Nyumba ya pili ilikuwa ya baba. Baba alikuwa akichimba dhahabu upande wa Genkuru na alirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Kila aliporudi aliongeza kitu: tofali za kuchoma, bati, siling bodi, dirisha la vioo, mlango uliokaa kwenye fremu yake barabara. Fundi aliacha matundu ya hewa juu ya ukuta, baba akamwambia ayazibe kwa simenti, mbu wasiingie. Alipomaliza alitufungia mlango tukiwa ndani, akatuambia tutafute mahali ambapo sisimizi anaweza kupita. Tulitafuta. Hatukupaona, na baba akacheka kwa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashindwa kumkasirikia.

Bibi hakucheka. Alizunguka chumba, akapapasa kuta, akasema, "Nyumba hii haina pua. Itaua mtu."

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu bibi. Hakumzaa baba. Alikuwa mke mdogo wa babu, hakujaliwa mtoto, na mama mzazi wa baba alipofariki yeye ndiye aliyemlea. Kwangu hilo halikuwa na maana yoyote, bibi alikuwa bibi. Lakini watu wazima hukumbuka vitu vya namna hiyo, na huvitoa siku wanayovihitaji.

Kisha mama akamzaa Mwita kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mdogo hivi kwamba kofia ya kawaida ya mtoto ilimfunika mpaka shingoni. Muuguzi wa zahanati alimfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akamwonyesha namna ya kukaa naye hivyo mchana na usiku. Halafu akatugeukia mimi na bibi akasema, "Baridi ndiyo itakayommaliza huyu. Asipate baridi hata kidogo." Aliyesemeshwa ni bibi. Lakini mimi ndiye niliyelichukua neno lile nikalibeba mpaka nyumbani kama kazi niliyopewa mimi. Nilikuwa nimeomba mdogo wa kiume miaka miwili mfululizo, na sikuwa tayari kumpoteza kwa baridi.

Tatizo likawa alale wapi. Mama alikuwa dhaifu, homa inakuja na kuondoka, na usiku akisinzia bibi aliogopa atamlalia mtoto. Bibi alitaka wote wawili walale kwake.

"Nimejenga nyumba ili mwanangu alale na mbuzi?" baba akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, hajavua hata buti za mgodini.

"Mbuzi wana joto," bibi akamjibu. "Bati lina nini?"

"Na moshi je? Mtoto wa siku nne, mama, umtie kwenye moshi?"

Hapo bibi alikwama, kwa sababu hata yeye macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi ule ule. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho baba akaleta gunia la mkaa, akasema basi moto uhamie kwenye nyumba ya bati, mkaa hauna moshi, kila mtu amepata anachotaka. Bibi aliukagua mkaa ule kwa muda. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuni, na kwake ubaya wa moto ulionekana kwa moshi wake. Huu ulikuwa moto usio na moshi. Akakubali, nusu nusu.

Nusu nyingine ndiyo iliyoleta gunzi. Kila jioni bibi aliwasha jiko uani, akalipepea mpaka mkaa wote uwe mwekundu, akaliingiza na kuliweka karibu na mlango. Kisha alisukuma dirisha likaachama kiasi cha ngumi mbili, akachukua gunzi la hindi, akalipachika kati ya kioo na fremu ili lisifunge. "Pua," alisema, kila jioni, akiligonga kwa kidole. Mama alicheka. Baba hakuwapo kuliona. Mimi nilishika kibatari, na nilikuwa wa mwisho kutoka, kwa sababu bibi alitangulia kwenda kuwafunga mbuzi.

Mimi gunzi lile sikulipenda. Nilijua bibi ananipenda, nilijua anampenda Mwita, lakini nilianza kufikiri kwamba amezeeka na anasahau. Muuguzi alisema baridi hata kidogo. Sasa mtu anawasha moto, halafu anafungua dirisha? Nilimwuliza. Alisema nyumba lazima iheme kama mtu. Nikaona ni maneno ya wazee, ya kumridhisha mtoto asiulize tena, na nikanyamaza siku sita.

Siku ya saba mvua ilikuja na upepo. Bibi alikwisha kutoka. Nilikuwa nimesimama na kibatari, nikaona pazia linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na ncha yake ikimgusa Mwita kichwani pale alipolala kando ya mama. Manyunyu yalikuwa yanaingia. Mama alikuwa amegeukia ukutani, macho yamefumba. Nilisogea polepole nisimwamshe. Nikalichomoa gunzi, nikalivuta dirisha mpaka likalia kwenye fremu, na kwa kuwa sikutaka bibi alione akalirudisha, nikalitupa kwenye jiko. Likashika mara moja, likawaka vizuri. Nakumbuka nilivyojisikia nikikimbia kwenye mvua kuelekea kwa bibi. Nilijisikia mtu mzima.

Asubuhi bibi alitangulia na kibuyu cha obusara, ule uji wa ulezi aliompelekea mama kila siku. Nilisikia kibuyu kikianguka. Nilipofika alikuwa anamburuta mama kwa makwapa, anamtoa nje kwenye majani yenye maji, yeye mwanamke mfupi aliyeshindwa kunyanyua ndoo iliyojaa. Mama alitapika, akafungua macho, akayafunga tena. Bibi akarudi ndani, akatoka na Mwita, akaketi chini, akampuliza usoni, akampuliza tena.

Nilisogea kumtazama. Midomo yake ilikuwa na wekundu mzuri kuliko siku zote. Nikafurahi. Nilidhani joto limemfikia hatimaye, na nikasubiri alie.

Hakulia. Majirani walipojaa uani na mama akapakiwa kwenye pikipiki kupelekwa zahanati, mtu mmoja akiwa nyuma amemshikilia, ndipo nilipoelewa kwamba Mwita amekufa. Na nilijua kilichomuua. Muuguzi alikwisha kusema. Baridi ya siku sita ilikuwa imeingia kwa lile tundu la gunzi, ikamkaa mwilini, na mimi nilichelewa kulifunga. Ningelifunga siku ya kwanza angekuwa hai. Ndivyo nilivyoamini. Nililia kwa ajili ya Mwita, na pia nililia kwa ajili ya bibi, kwa sababu niliona wazi kwamba kosa ni lake na kwamba wakijua watamfanyia jambo baya.

Mama alirudi akiwa hai, hana nguvu, hasemi. Tukamzika Mwita nyuma ya migomba. Siku ya tatu baba, baba mdogo na wazee wawili wa ukoo waliketi sebuleni kwenye nyumba ya bati. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi, naye amelala humo. Zahanati walikuwa wamewaambia wanaume kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa huua watu bila kelele, lakini maneno hayo hayakufika kwa watoto. Sisi tulifukuzwa tukacheze. Mimi sikwenda kucheza. Nilikaa nje chini ya dirisha lile lile.

"Niliacha limefunguka," nilimsikia bibi. "Kila siku niliweka gunzi."

"Gunzi liko wapi?" baba mdogo akauliza. "Tumetafuta ndani, tumetafuta nje."

"Niliweka gunzi."

"Ulisema nyumba hii itaua mtu. Watu walisikia. Nyumba imeua. Sasa tuseme nini, mama? Nyumba ilikusikia?"

Mzee mmoja, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Mwiteni yule binti. Yeye ndiye alitoka mwisho."

Niliingia. Nikawaamkia, shikamoo kwa kila mmoja, wakaitika. Mzee yule akanivuta karibu, mkono wake ukinuka ugoro, akaniuliza jioni ile nilipotoka dirisha lilikuwaje, lilikuwa wazi au limefungwa.

Nilimtazama bibi. Sasa mjue nilivyoona mimi. Nilidhani wamemkamata kwa sababu aliacha dirisha wazi. Kila walichosema kilikuwa gunzi, dirisha, gunzi, dirisha, na mimi nilikuwa mtu pekee mwenye uwezo wa kumtoa. Tena sikuhitaji hata kusema uongo.

"Lilikuwa limefungwa," nikasema. Na ili wasiwe na shaka yoyote nikaongeza, "Hapakuwa na gunzi."

Baba aliinamisha kichwa. Baba mdogo akasema, "Mmesikia." Mimi nilimgeukia bibi nikitegemea atanipa lile tabasamu lake la siri, lile la kunifichia ndizi mbivu. Hakutabasamu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama mikono yangu, na nikaona kitu kinabadilika usoni pake, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu siku nyingi na amekipata mahali ambapo hakutaka kukikuta.

"Basi," akasema. "Mtoto amesema."

Hakuna aliyemfukuza. Baba hakutamka neno, na kutotamka kwake kulitosha. Kwenye kisima wanawake walimpisha bibi achote kwanza, wakasimama mbali wakinong'ona juu ya mchawi asiye na mtoto. Siku chache baadaye alifunga mzigo wake, akachukua mbuzi mmoja, akaondoka kwenda kwa kaka yake upande wa Serengeti, nyuma ya Mugumu. Nilimsindikiza mpaka njia kubwa. Nilimwuliza kwa nini anaondoka wakati mimi nimekwisha kumtetea. Aliweka mzigo chini, akanifunga kitenge vizuri kifuani kwa sababu kulikuwa na baridi. "Umenitetea, ndiyo," alisema. "Usiseme tena habari za gunzi kwa mtu yeyote. Hata ukikua." Nikaahidi. Nyumba yake ya nyasi haikukaa sana, kwa sababu bila moshi mchwa waliingia, na masika yaliyofuata yakaimaliza.

Nilielewa nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa kemia alikuwa anaeleza mkaa unavyowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, na gesi inayotoka, isiyo na rangi wala harufu, na namna midomo ya aliyeivuta inavyoweza kuwa myekundu. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Niliomba ruhusa, nikaenda nyuma ya vyoo, nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha. Bibi alikuwa hai bado. Nilisema likizo nitakwenda Mugumu. Likizo ikaja nikapata sababu, ya pili nikapata sababu nyingine, na kabla ya ya tatu habari ikaletwa kwamba amefariki. Baba alikwenda kuzika peke yake, akarudi siku ile ile, hakula. Mimi ni mwoga, nawaambia hivyo bila kujipamba.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa jirani alipowasha jiko lake. Siku mbili baadaye mama alikuja kutoka Nyarero kunilea uzazi. Mume wangu, bila nia mbaya, akamsimulia mchana tulipokuwa tunakula mahindi ya kuchemsha jinsi nilivyokaa sakafuni kwa sababu ya jiko la mkaa. Mume wangu alipoondoka kwenda kazini, mama aliingia chumbani, akamchukua mtoto, akafungua blauzi yake, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika kitenge.

"Hili ndilo joto lenyewe," akasema. "Yule muuguzi alisema kweli."

Nilijua nisiposema wakati ule sitasema tena. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia yote. Pazia, manyunyu, gunzi, jiko. Nilimwambia mimi ndiye. Nilimwambia bibi alisema kweli mbele ya wazee na mimi nikamfanya mwongo. Nilisema huku nikitazama sakafu, kwa sababu nilikuwa naogopa uso wake.

Mama alikuwa anampapasa mtoto mgongoni, na mkono wake haukusimama.

"Nilikuona," akasema.

Sikuelewa.

"Sikuwa nimelala, Robhi. Nilikuwa nasikia baridi, mgongo wote unatetemeka. Nilikuona ukilichomoa, nikasema moyoni, afadhali. Nikajua bibi yako atakasirika, nikasema potelea mbali, nipate joto nilale."

"Na ile siku ya wazee? Mlango ulikuwa wazi, mama. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Kwa nini hukusema?"

Alimfunika mtoto kitenge vizuri. "Ningewaambia nini? Kwamba mtoto wangu mmoja amemuua mwingine? Wangekuita hivyo mpaka unaolewa. Bibi yako aliniangalia kupitia ule mlango. Mimi nikamwangalia. Akajua ninajua. Aliinuka akaondoka, na mimi nikamwacha aondoke. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi sikuwa mtoto."

Nilimwambia kwamba siku ile nilidhani namwokoa. Nilimweleza habari ya baridi ya siku sita, jinsi nilivyoamini, na hapo ndipo mama alipolia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akilia bila sauti ili asimwamshe mtoto aliyekuwa kifuani pake. Yeye miaka yote alidhani niliogopa. Nilisogea nikamshika bega. Tulikaa hivyo mpaka mvua ya jioni ikaanza kugonga bati na chumba kikapoa.

Mume wangu aliporudi alitukuta bado tumekaa. Akaona dirisha liko wazi na mvua inaingia, akaenda kulifunga kama mtu yeyote mwenye akili angefanya.

"Liache, baba," mama akamwambia. "Nenda jikoni uniletee gunzi."